Kujisifu kwa Kiingereza

Asubuhi, kabla jua halijakifikia kisima, Nei Maerere alimwogesha mavyaa wake nyuma ya nyumba huku akijisifu. Alijisifu kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, maneno yakimtoka moja moja pamoja na maji ya kopo. Alisema kwamba yeye ni mvumilivu. Alisema ana mikono yenye nguvu na mgongo usiouma, kwamba wazee wanampenda, kwamba hakasiriki, kwamba akipewa kazi huimaliza. Kisha alimgeuza bibi upande wa pili, akamsugua kisogo, akaanza tena tangu mwanzo.

Nei Taoriba, mavyaa wake, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, macho ameyafumba. Kiharusi kilimchukua miguu zamani, lakini masikio kilimwachia.

"Unasema nini na wewe?"

"Ninasali, mama."

"Sala gani hiyo, mbona Mungu hatajwi hata mara moja?"

Maerere akammwagia maji kichwani ili asilazimike kujibu.

Kwetu kisiwani Tarawa, ambako mwanamke huitwa Nei na mwanamume Ten, mtu hajisifu. Ukirudi kutoka baharini na samaki wa kubebwa na watu wawili, unasema umepata vidagaa. Ukiwapikia wageni wali na shelisheli na nguruwe mzima, unasimama mbele ya chakula na kuomba radhi kwamba nyumba yako haina kitu. Sifa zako ni mali ya wenzako. Wao ndio wa kuzisema wakipenda, na kazi yako ni kuzikana. Mtoto hulijua hilo kabla hajajua kuvaa nguo zake mwenyewe. Ndiyo maana Maerere alichagua kujisifu mbele ya kisima, na mbele ya bibi asiyejua Kiingereza.

Alilazimika. Mwishoni mwa mwezi angeitwa tena mbele ya mama mmoja wa Australia, Bi Janelle, aliyekuwa akichagua watu wa kwenda kuwahudumia wazee katika makao yao huko Queensland. Aliwachagua kwa kuzungumza nao kupitia kompyuta, kwa Kiingereza, uso kwa uso wa kioo. Mara ya kwanza Maerere alikataliwa. Hii ya pili ilikuwa ya mwisho. Ikishindikana, jina lake lingefutwa, na waliokuwa nyuma yake ni wengi, wasichana waliomaliza shule juzi, ngozi zao bado zinang'aa. Yeye alikuwa na mume asiyeweza tena kunyanyua kitu, mabinti wawili shuleni, na kisima kilichoanza kuingiwa na chumvi. Hakuiona njia nyingine.

Lugha hiyo ilikuwa imemchosha tangu utotoni. Shuleni Bikenibeu walikaa wengi kwenye mkeka, wakiitikia pamoja baada ya mwalimu, na kwa pamoja mambo yalikuwa mepesi. Sauti ya s, ambayo midomo yetu huigeuza t, ilizama ndani ya sauti za wengine. Balaa ilikuwa kuitwa peke yako. Ukisimama ukakosea, darasa zima linacheka. Ukisimama ukapatia, wanacheka zaidi, na baada ya masomo wanakufuata njiani wakikuita Mzungu. Maerere alipatia siku moja. Alisoma ukurasa mzima bila kujikwaa, na mwalimu akawaambia wengine wampigie makofi. Kufikia jioni mtaa wote ulikuwa na habari. Shangazi yake, mwanamke mpole asiyemkera mtu, alimwuliza mbele ya sahani ya samaki kama Mzungu atakula kwa mkono au atafutiwe uma.

Watu walicheka, naye akacheka. Lakini tangu siku ile alijifunza kukosea. Alikuwa akiliona neno linavyotakiwa kusomwa, analipinda kidogo, anaketi. Mtihani wa kidato cha tatu ulipofika alikuwa amekwisha kuzoea, na hakujua tena kosa gani alilitaka na lipi lilimjia lenyewe. Akafeli, akaacha shule, akaenda kufua mashuka hospitalini.

Kisha akaolewa na Ten Kautu, baharia wa meli za mizigo za Wajerumani. Kila alipokuja likizo, Kautu alileta sabuni, viatu vya watoto, na Kiingereza cha melini, ambacho chote ni amri: vuta, legeza, ngoja, shika, angalia kichwa. Maerere alikipokea kama alivyopokea sabuni. Kautu alipoanguka ndani ya ngama ya meli, bandarini mbali sana na kwetu, alirudishwa na mgongo uliokunjika na hakuitwa tena. Mwaka uleule mama yake akapata kiharusi. Nyumba ikawa na watu wawili wa kunyanyuliwa na mmoja wa kunyanyua.

Hapo ndipo Maerere alipokifuata Kiingereza kwa hiari yake, kwa mara ya kwanza. Hakuwa na kitabu. Alikuwa na Biblia mbili, ya kwetu na ya Kiingereza, ya pili iliachwa na mtawa mmoja aliyerudi kwao. Alizifungua sambamba juu ya ulingo wa kulalia, kidole cha kushoto huku, cha kulia kule, na akasoma hivyo miaka, aya kwa aya, mgonjwa akikoroma upande huu na mgonjwa akiguna upande ule. Hakuna aliyemwambia kwamba watu wa Australia hawaongei vile.

Aliambiwa na Ten Riteti. Riteti alisomea Suva, akarudi kufundisha, na jioni alikuwa na darasa la watu wazima katika maneaba ya kanisa, ukumbi wetu usio na kuta, paa refu na nguzo tu. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mifuko chini ya macho, kwa sababu mchana alifundisha watoto. Siku ya kwanza alimwuliza Maerere kwa Kiingereza, mumeo hajambo? Maerere akasimama. Akasema, kwa Kiingereza kile chake, kwamba tazama, kikohozi kilimshika siku tatu, naye akalala kitandani pake akiugua sana, na asubuhi akainuka. Kisha akatafuta neno la kumalizia, akakumbuka ya mumewe, akasema: sasa legeza.

Darasa likalala chini kwa kicheko. Riteti mwenyewe alikwenda nyuma ya nguzo na kukaa huko kitambo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema kwamba hakuna mtu humu ndani mwenye maneno mengi kama mama huyu, na kwamba kazi iliyobaki ni kumshusha kutoka mlimani na kumtoa melini.

Kazi hiyo ilikuwa ndefu. Maerere alifika maneaba akitoka kufua, akiwa amekwisha kupika, kuwalisha wawili na kumlaza mmoja. Mara nyingi aliegemeza kichwa kwenye nguzo na usingizi ukamchukua kabla ya ubao kujaa. Riteti alimwacha. Alikuwa akiandika polepole, chaki isilie, na mwisho wa somo alimwagiza mtu amnakilie. Ndivyo Maerere alivyojifunza majina ya viungo, ya magonjwa, ya vitanda vinavyopanda na kushuka, ya mikanda ya kumfungia mgonjwa, ya meno ya bandia na vidonda vya kulala. Riteti aliwasikilizisha sauti za wazee wa Australia kutoka kwenye simu yake. Wazee hao huongea mdomo nusu umefungwa, kama wanaogopa nzi. Darasa liliwaiga na kucheka. Maerere hakuwa na nguvu za kucheka, aliiga tu. Kidogo kidogo s ikawa s.

Kwa hiyo mara ya kwanza, alipoitwa mbele ya Bi Janelle, si kwamba alikuwa mtupu. Mazungumzo yalifanyika palepale maneaba, kwa sababu ndipo mtandao ulipokuwa unashika. Meza iliwekwa katikati, kompyuta juu yake, na waliosubiri zamu walikaa mikekani. Upande mmoja wazee walikuwa wakicheza karata kama siku zote, na mkubwa wao alikuwa Ten Aberaam, mzee wa kanisa. Upande mwingine wanawake walikuwa wakisuka majani ya mkadi, miongoni mwao Nei Rotia, jirani ya Maerere, ambaye mdomo wake haulali. Alipomwona Maerere anaelekea mezani amevaa blauzi ya kuazima, Rotia aliwaambia wenzake wakae vizuri, Mzungu wao amefika.

Bi Janelle alimwuliza kama anaweza kumnyanyua mtu mzito. Maerere akapandisha nyusi. Kwetu huko ndiko kukubali, na hakuna mtu mwenye adabu anayeongeza sauti juu yake. Bi Janelle akangoja. Akauliza tena, Maerere akapandisha nyusi juu zaidi.

"Wee, toa sauti," Rotia akamnong'oneza. "Huyo mama anadhani umeona mzimu."

Watu wakacheka, Maerere akajibu kwa sauti, na mambo yakaenda. Kisha Bi Janelle akamwuliza anajivunia nini, ni hodari wa jambo gani. Swali alilielewa lote. Majibu alikuwa nayo, aliandikiwa na Riteti. Lakini nyuma yake karata ziliacha kugongwa. Akasema:

"Mimi si hodari wa jambo lolote. Najaribu kidogo tu."

Ten Aberaam, aliyetafsiriwa maneno hayo na mtu wa pembeni, aliitikia kwa kichwa. Msichana kalelewa vizuri huyu. Bi Janelle naye aliitikia kwa kichwa, akaandika kitu. Baada ya wiki mbili jibu likaja kwamba Kiingereza cha mwombaji hakijatosha.

Riteti alikuja nyumbani siku hiyo. Alikaa ukingoni mwa ulingo, akakataa chai, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kiingereza chako kinatosha tangu mwaka jana," alisema. "Kwa nini hukusema yale tuliyoyapanga?"

"Ningesemaje, mwalimu? Ten Aberaam alikuwa amekaa pale."

"Aberaam hajui Kiingereza."

"Anaujua uso wa mtu anayejisifu."

Riteti akajifuta jasho. Alisema kwamba yule mama wa Australia hana ukoo hapa, hatamsema sokoni, hatamkumbuka. Kule kwao mtu asiyejisifu huonekana ana la kuficha. Lisemwe tu, kama dawa chungu inavyomezwa. Kautu, aliyekuwa amelala kwa ubavu akisikiliza, alisema kwamba hata melini ilikuwa hivyohivyo: Wajerumani walimwuliza kila mtu anajua nini, vijana wetu wote wakasema hawajui kitu, na Wafilipino wakapewa kazi za juu.

"Na wewe ulisema nini?" Maerere alimwuliza.

"Nilisema sijui kitu."

Ndipo yalipoanza mazoezi ya asubuhi kisimani. Mwanzoni hata mbele ya bibi maneno yalimwaibisha, uso ulimwaka. Baadaye yakaacha kuuma. Yalikauka mdomoni, yakawa kama nambari ambazo mtu anazisoma tu. Mvumilivu, mwenye nguvu, anayependwa. Alikuwa akiyasema huku mikono yake inachuna magamba ya ngozi mgongoni mwa mtu aliyemfokea tangu alfajiri, na mara nyingine alinyamaza katikati, si kwa aibu, ila kwa sababu alikuwa amechoka mno kuamini.

Siku yenyewe ilikuja vibaya. Kautu aliitwa huko Betio kwenye msiba wa mjomba wake, na msiba wa mjomba haukwepeki hata kwa mgongo mbovu. Mabinti walikuwa na mtihani. Rotia, ambaye kwa kawaida ndiye wa kubaki na bibi, alikuwa na zamu ya kusuka mikeka ya kanisa. Na Nei Taoriba hakuachwa peke yake tangu siku alipojiviringisha akaanguka kutoka ulingoni akitafuta kivuli. Maerere alizunguka nyumba mara mbili. Kisha akatandika mkeka ndani ya toroli la kubebea mawe, akamwinua bibi, akamweka ndani, akamfunika kanga, na akasukuma toroli hadi maneaba.

Alifika jasho linamdondoka kidevuni, blauzi imemganda mgongoni. Rotia alimwangalia, akaliangalia toroli.

"Safari ya Australia imeanza mapema," alisema. "Na mizigo kabisa."

"Mzigo ni mama yako," Nei Taoriba akamjibu kutoka torolini, na wachezaji wa karata wakampigia bibi makofi.

Maerere hakusikia vizuri. Aliliweka toroli kivulini, hatua chache kutoka mezani, akajifuta uso, akaketi. Riteti alisimama karibu na nguzo, mikono nyuma. Kwenye kioo akatokea Bi Janelle, nywele zimeongezeka mvi tangu mara ile, kikombe mkononi, naye pia alionekana mtu ambaye siku imemwendea vibaya.

Safari hii Maerere alijibu kwa sauti. Alieleza namna ya kumgeuza mtu asiyejiweza bila kumvuta ngozi. Alieleza vidonda vya kulala huanzia wapi na huonekanaje kabla havijafunguka. Aliulizwa angefanya nini mzee akikataa kula, akasema angengoja, angeondoa chakula, angekileta tena kama vile hakijawahi kuja. Bi Janelle alicheka kidogo. Nabii alikuwa ameshuka mlimani, baharia ameteremka melini, na Riteti pale nguzoni alikuwa akisogeza midomo pamoja na mwanafunzi wake bila kujua.

Kisha Bi Janelle akaweka kikombe chini.

"Wanawake wengi wanaitaka nafasi hii," alisema. "Niambie kwa nini nikuchukue wewe."

Maerere alifungua mdomo. Neno la kwanza lilikuwa tayari, alilisema kila asubuhi. Nyuma yake mchezo wa karata ukasimama, kama mara ile. Mikono ya wanawake ikatulia juu ya majani. Alihisi macho ya watu aliozaliwa kati yao yamelala juu ya shingo yake. Mdomo ukabaki wazi, kisha ukafungwa. Akaangalia mikono yake, iliyobabuka kwa sabuni. Kwenye kioo Bi Janelle alikuwa akisubiri, kisha alikuwa akitafuta kalamu.

"Mbona umekauka?" bibi aliuliza kutoka torolini, kwa lugha yetu. "Anakuuliza nini huyo?"

"Anauliza kwa nini anichukue mimi, mama."

"Loo. Na swali hilo anaulizwa mtu mwenyewe?"

Nei Taoriba akasafisha koo. Alijishikilia kwenye ukingo wa toroli, akajivuta hadi mgongo ukasimama kadiri ulivyoweza kusimama, akaelekeza uso kwenye kompyuta, na akaanza kusema jinsi wazee wetu wasemavyo katika maneaba, polepole, bila kumwangalia mtu, akimaliza wazo moja kabla ya kuanza jingine. Bi Janelle akauliza ni nani huyo anayezungumza, na anasema nini.

"Ni mama wa mume wangu," Maerere akasema. "Anasema..."

Akageuka kumsikiliza.

"Mwambie mikono yako ni mizito," bibi alisema. "Ukinisugua unadhani unasugua sufuria. Mwambie una hasira, na siku ukiwa na hasira maji ya kuoga huwa ya baridi."

Watu wakacheka. Maerere akayapeleka maneno hayo kwa Kiingereza kama yalivyokuja: anasema mikono yangu ni mizito, anasema nina hasira, anasema maji huwa ya baridi. Bi Janelle akaweka kalamu chini.

"Mwambie tangu nilipoanguka sijalala na nguo mbichi hata mara moja. Mwanangu niliyemzaa hawezi kuninyanyua. Binti yangu yuko Abaiang, ana watoto wake. Huyu si damu yangu, aliletwa hapa na mwanangu akiwa msichana mwenye maringo ya shule, sikumpenda. Mwambie hivyo."

"Anasema hakunipenda," Maerere akasema. "Anasema mimi si damu yake. Anasema tangu alipougua hajalala na nguo mbichi."

"Huamka kunigeuza bila kuitwa. Namwona. Macho hayajafumbuka bado, mikono inafanya kazi. Ningekuwa nyumba nyingine ningeoza upande mmoja. Angalia." Na bibi akavuta kanga akaonyesha bega lake na sehemu ya mgongo, ngozi kavu, nyembamba, nzima.

Maerere akayasema yote. Akasema huamka kabla macho hayajafumbuka, akasema mikono yake hufanya kazi. Hakuna hata neno moja ambalo lilikuwa lake, na kwa hiyo hakuna hata moja lililomkwama. Kila alipotanguliza anasema, njia ilifunguka. Ten Aberaam alikuwa amekunja karata zake kifuani. Hapakuwa na jambo la aibu likitendeka mbele yake. Mzee alikuwa anamsemea mtu, na mtu alikuwa anapeleka maneno, ndivyo ilivyo siku zote.

Nei Taoriba alipumzika. Kisha akaongeza, kwa sauti ileile, akiikabili kompyuta:

"Na wewe mama, ukimchukua huyu, mimi nani atanigeuza?"

Watu wote mle ndani walilisikia. Rotia aliinamisha uso juu ya mkeka wake. Barabarani pikipiki ilipita, ikaenda zake.

"Na hilo la mwisho?" Bi Janelle aliuliza. "Amesema nini?"

Maerere alikuwa na maneno yake yote. Yalikuwa maneno mepesi, ya mwaka wa kwanza, mtoto angeweza kuyapanga. Alikitazama kioo. Alimwona mwanamke mwenye mvi akiwa ameinama mbele, anataka kweli kujua, na aliona kwamba mwanamke huyo, akiambiwa, ataanza kufikiri. Atauliza mengine. Atasema labda tungoje.

"Anasema amechoka," Maerere alisema. "Anaomba nimrudishe nyumbani."

Alilisema bila kusita, kila sauti mahali pake, kwa Kiingereza ambacho mtu yeyote wa Queensland angekipokea. Pale nguzoni Riteti, aliyeelewa pande zote mbili, aliangalia miguu yake.

Bi Janelle akasema pole, akasema amwambie bibi asante. Akasema kwamba ametosheka, kwamba mengine ni taratibu tu, na kwamba aanze kujiandaa, huenda akaondoka kabla ya Pasaka. Kisha kioo kikawa cheusi. Waliosubiri zamu wakaanza kusogea. Mtu mmoja alimpiga Maerere begani, na Ten Aberaam alimwambia bibi kwamba amesema vizuri. Riteti hakuja. Alikuwa anamwita mwombaji aliyefuata, kwa sauti ya kazi.

Maerere alilishika toroli, akatoka kwenye kivuli. Barabara ya upande wa ziwa la bahari ilikuwa nyeupe kwa jua. Alisukuma akingoja ndani yake kitu fulani kije, furaha au hata ahueni ya kuweka mzigo chini, na alipoona hakiji hakushangaa sana. Alihisi usingizi tu. Aliwaza kwamba angelala siku nzima kama angepata mahali.

"Umemwambia?" bibi aliuliza bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Yote?"

Toroli lilikwenda kidogo.

"Lile la mwisho sikumwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba umechoka, unataka kwenda nyumbani."

Nei Taoriba alilifikiri hilo. "Si uongo," alisema. "Nimechoka." Na baada ya muda: "Angekuwa anajua lugha yetu nisingelitamka mbele yake. Nilikuwa nakuuliza wewe."

Maerere alisimama. Alisema kwamba Kautu angempelekea dada yake habari, kwamba dada wa Abaiang angekuja kukaa nao, kwamba walikuwa wamekwisha kulizungumza yeye na mumewe. Alisema kwamba ni miaka michache tu. Alisikia mwenyewe jinsi alivyokuwa anaharakisha.

"Yule akilala," bibi alisema, "hata kanisa liungue haamki."

"Tutamfundisha, mama."

"Mtamfundisha kuamka?"

Maerere aliuvuta mkeka kutoka chini ya miguu ya bibi, akaupandisha umkinge jua usoni, akauchomeka kwenye ukingo wa toroli ili upepo usiuchukue. Bibi alikuwa amefumba macho. Kisha Maerere akashika mipini, akasukuma. Sehemu ile ya barabara ilikuwa mchanga mtupu wa matumbawe, na gurudumu lilizama kila baada ya mwendo mfupi, ikabidi asimame, alinyanyue, aanze tena.